Mume Wangu Katika Darubini

Kwa karibu mwaka mzima mume wangu alikuwa mshika stafu wangu. Mimi nilikuwa mpima, na kampuni yetu ilikuwa imepewa kazi ya kupanua barabara ya udongo inayopanda Marangu kwa kupita katikati ya vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa.

Tulipooana yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kusifiwa. Alikuwa mkaguzi wa kahawa mjini Moshi, mtu wa koti jeupe, anayeweza kunusa punje kiganjani akakwambia zilianikwa vizuri au zililundikwa zikiwa na unyevu. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakawa wanachukua kahawa hukohuko vijijini, na shirika alilofanyia kazi likaanza kupunguza watu. Yeye aliondoka na kundi la kwanza. Alikaa nyumbani kwetu Rau miezi kadhaa, akipalilia bustani ya mchicha ambayo haikuwa na magugu.

Kazi zangu za barabara hazikukatika. Mshika stafu wetu alipoacha kazi ghafla akaenda machimbo ya vito ya Mererani kutafuta bahati yake, nilimwambia tajiri wetu, mzee wa Kihindi mwenye kilemba na ndevu nyeupe, kwamba nina mtu.

"Nani huyo?"

"Mume wangu."

Alinitazama. "Kama atakusikiliza, mlete."

Kusikiliza ndiyo kazi yenyewe. Stafu ni ubao mrefu kupita mtu, umechorwa namba kutoka chini mpaka juu. Mshika stafu huusimamisha wima pale anapoambiwa. Mimi husimama mbali, na chombo changu kikiwa juu ya miguu yake mitatu, nakisawazisha mpaka kiputo chake cha hewa kitulie katikati, kisha natazama kwenye darubini. Namba ninayoisoma kwenye ubao ndiyo inayoniambia ardhi ya pale imeinuka au imeshuka kiasi gani. Kwa kuwa tuko mbali, hatusemezani. Nampungia mkono: sogea kushoto, simamisha vizuri, ngoja, njoo. Chombo chetu kilikuwa cha zamani, cha aina inayoonyesha kila kitu kimepinduka. Mume wangu nilimwona miguu juu, kichwa chini, lakini karibu sana, kiasi cha kuhesabu vifungo vya shati lake. Aliyezoea hatatizwi na kupinduka huko. Nilijua uso wake ulivyo hata ukiwa hivyo.

Kwenye kona moja, juu kidogo ya barabara, kulikuwa na kibanda cha mwanamke aliyeuza chai na mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Alikuwa mjane, rika langu au mdogo kidogo, mwenye sauti nzito na kanga aliyopenda kuifunga kiunoni. Wafanyakazi wote walikula kwake. Nami nilikula kwake, na nilimsifia mtori wake bila kinyongo.

Siku moja nilikuwa nimeweka chombo bondeni, mume wangu yuko kwenye kona ile. Nilipoinama kutazama, nilimwona akicheka.

Tangu alipoachishwa kazi sikuwa nimemwona akicheka. Alikuwa akitabasamu wageni wanapokuja, basi. Sasa nilimwona ndani ya kile kiduara cha kioo, mabega yanatikisika, kichwa amekirudisha nyuma, na stafu inayumba mkononi mwake mpaka nikashindwa kusoma namba. Kando yake niliona kanga. Sikusikia neno hata moja. Walikuwa wanaongea, naye alikuwa anacheka, na mimi nilisikia majani ya migomba tu.

Nilimpungia mkono asimamishe stafu. Akaisimamisha. Uso wake ukarudi kuwa ule wa nyumbani.

Kuanzia hapo nilianza kuwatazama. Mpima ana ruhusa ya kuangalia mbali bila kuulizwa anaangalia nini, na mimi niliitumia ruhusa hiyo. Nilikuwa nikimaliza kusoma namba, nabaki nimeinama. Niliona yule mwanamke anavyomkabidhi mume wangu kikombe kwa mikono miwili. Niliona anavyomwambia jambo akiwa ameelekeza kidole kwenye mgomba, na mume wangu anavyotikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu anayeambiwa jambo la maana.

Nilipopanda kula mchana, nilikaa karibu nao makusudi. Hapo ndipo niliposikia kwamba wanaongea Kichagga cha Marangu. Mume wangu ni wa huko. Mimi ni wa Machame, na Kichagga cha kwetu na cha kwao ni kama ndugu wasiosalimiana. Tangu tulipokutana, mimi na yeye tulikuwa tunaongea Kiswahili. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna upande wake ambao haukuwahi kuingia nyumbani kwetu.

"Mnaongea nini?" nilimwuliza.

"Habari za huku tu."

"Zinachekesha?"

"Ukizitafsiri hazichekeshi," alisema, akaendelea kula.

Basi ikaja siku ya hesabu kutofunga. Tulikuwa tumeanzia kwenye alama ya saruji iliyoko kwenye ngazi za kanisa, tukapima kuteremka na barabara yote, kisha tukapima kurudi mpaka alama ileile. Ukitoka mahali ukarudi hapohapo, kimo ni lazima kiwe kilekile. Kikizidi au kikipungua kwa unywele, unasamehe. Mimi nilipata tofauti kubwa kuliko upana wa kiganja changu.

Nilikaa kwenye ngazi zile nikarudia kujumlisha. Hesabu zangu hazikuwa na kosa. Maana yake ni kwamba mahali fulani, wakati nimebeba chombo nakihamisha, stafu ilisogezwa. Na kanuni ya kwanza niliyomfundisha ni hiyo: mimi nikihama, wewe usiondoke kwenye jiwe ulilosimamishia stafu, hata mvua inyeshe.

"Uliondoka kwenye jiwe," nilimwambia.

Hakubisha. "Kidogo. Yule mama alikuwa anakuja na sufuria kubwa kichwani. Nilimsaidia kuitua. Nikarudi."

"Hukurudi palepale."

"Nilidhani ni palepale."

Wanawake wengine hugundua mambo kwa harufu ya marashi kwenye shati. Mimi niligundua kwa upana wa kiganja. Nilimwambia, na wafanyakazi wengine walisikia, kwamba kesho tutarudia njia yote kwa sababu ya sufuria ya mtori. Mtu mmoja alicheka. Mume wangu aliinua stafu begani, akatembea kwenda kwenye gari bila kunisubiri.

Tulifika nyumbani, tukala. Kisha akasema taratibu, kama mtu aliyekuwa ameyapanga maneno muda mrefu.

"Kila siku unanipungia mkono. Kushoto, kulia, simama wima, rudi nyuma. Kazini nakubali, ndiyo kazi. Lakini siku hizi hata hapa mezani unanipungia."

"Na yeye hakupungii?"

"Yeye ananiuliza mambo ya ndizi."

"Ndizi gani?"

Ndipo aliponieleza. Yule mwanamke alikuwa anawafahamu kina mama wote wa juu, anajua kihamba kipi kina mikungu mizuri na nani anauza wiki gani. Walikuwa wanapanga kukusanya ndizi na kuziteremsha sokoni Kiboriloni kwa gari la kukodi. Mume wangu achague mzigo, maana jicho lake la ukaguzi halijafa, na mwanamke aongee na wauzaji. Walikuwa wameshapanga mpaka siku za kuteremsha.

"Na mimi ulitaka kuniambia lini?"

"Nilipokuwa na uhakika. Sikutaka ushike kalamu ukanihesabia hasara kabla sijaanza."

Ningependa kusema maneno hayo yalinituliza. Hayakunituliza. Mwanamke aliyeshika moyo wa mume kwa uzuri wa sura unaweza kungoja uzuri huo upite. Huyu alikuwa amempa kazi, na kumfanya aonekane mtu tena. Mimi nilikuwa nimempa ubao wa kushika.

Wiki zile mhandisi wa barabara aliniletea mchoro wa mwisho ili nikokotoe udongo wa kukata na wa kujaza. Kazi hiyo niliifanyia nyumbani, juu ya meza ya chakula. Unachora umbo la ardhi ilivyo sasa, juu yake unachora barabara itakavyokuwa, na eneo lililo kati ya mistari hiyo miwili ndilo litakalochimbwa. Unachukua maeneo mawili yanayofuatana, unatafuta wastani, unazidisha kwa umbali uliopo kati yake. Unakwenda hivyo kona kwa kona mpaka juu.

Nilipofika kwenye ile kona niliona kwamba mlima ungekatwa sana, na mteremko wa ukingo ungepanda mpaka kukimeza kibanda cha mtori. Mchoro ule haukutoka kwangu, ila nilipouona nilifurahi. Kesho yake nilikwenda kupigilia vigingi vya mwisho wa kuchimba, na kimoja kiliangukia nyuma ya jiko lake. Nilikipigilia mwenyewe.

Mwenye kibanda alitoka akiwa anajifuta mikono. "Dada, kigingi hiki maana yake nini?"

"Mpaka hapa patachimbwa."

"Na kibanda?"

"Kitaondoka."

Alikitazama kile kigingi, akanitazama mimi, na nikaona anajua kwamba nimefurahi. Hakulia wala hakunisihi. Alisema tu, "Haya. Karibu chai, maji yamechemka," akarudi ndani. Sikuinywa.

Mume wangu aliniuliza siku hiyohiyo. "Hakuna namna nyingine?"

"Mchoro ndivyo ulivyokuja."

"Basi itabidi nimsaidie kujenga kingine. Huko juu kwa shangazi kuna kiwanja. Tutakata miti pamoja na kuisimamisha wikiendi."

Aliyasema hayo kwa upole ambao sikuwa nimeusikia siku nyingi. Nililala nao masikioni. Niliwaona wawili hao wakishika nguzo, mmoja huku na mwingine kule, mimi nikiwa bondeni na chombo changu. Huruma ya mwanamume ni mbaya kuliko matamanio yake. Matamanio hupita, lakini huruma humjengea mtu nyumba.

Asubuhi nilichukua tena hesabu za kona ile. Udongo wa pale ni mgumu, wa kahawia nyekundu. Ukikatwa wima kiasi hubaki umesimama miaka na miaka, ungeweza kuuona hivyo kwenye njia za zamani za vihamba. Nilichora ukingo wenye mteremko mkali zaidi. Mstari ukaishia mbele ya kibanda, na udongo wa kuchimba ukapungua kwa malori mengi. Nilimpelekea mhandisi. Alinihoji kuhusu mvua za masika na mifereji ya juu, nikamjibu, akaenda mwenyewe kuutazama udongo, akaubonyeza kwa kisigino, akakubali. Tajiri aliposikia uchimbaji umepungua alinisifu mbele ya watu.

Niling'oa kile kigingi. Jioni yake yule mwanamke alituma mkungu wa ndizi nyumbani kwetu, mume wangu ndiye aliyeubeba, na ujumbe wake: mwambie dada Mungu ambariki, sikujua ana moyo namna hii. Mume wangu aliniangalia kwa macho ambayo nilikuwa nimeyamisi. Nilipokea mkungu, nikapokea na macho yale. Sababu yangu sikuieleza.

Mwisho wa mwezi aliacha stafu. Nilipewa mzee mmoja mtulivu ambaye hakuwahi kuondoka kwenye jiwe, na darubini yangu haikuwa na kitu cha kutazama tena zaidi ya namba. Nilidhani nitapumzika. Kumbe ilikuwa mbaya zaidi. Sasa mume wangu alikuwa mahali ambapo sikuweza kumwona hata kwa chombo, akipanda na kuteremka na yule mwanamke juu ya mizigo ya ndizi. Alirudi nyumbani amechoka na mwenye furaha, nami sikujua lipi lilitokana na nini.

Biashara yao iliwaendea vizuri. Nilimwomba mama mkwe anifundishe Kichagga chao. Alifurahi sana, alidhani nimekipenda. Nilijifunza haraka, kwa nia niliyokuwa nayo. Na siku nilipokaa nao Kiboriloni nikiwa naelewa, nilisikia wakibishana kuhusu mkungu uliopondeka, gari lililochelewa, na jirani mmoja aliyeuza ndizi zake mara mbili kwa watu tofauti. Hili la jirani liliwachekesha mpaka wakashika mbavu. Lilikuwa linachekesha kweli. Nilicheka nao, na nikiwa nacheka niliona wivu wangu haujaondoka. Ulikuwa umepata tu lugha ya pili.

Baada ya miaka michache mwanamke yule aliolewa na mfanyabiashara wa Tarakea, akahamia huko, akamwachia mume wangu wauzaji wote. Tulikwenda harusini wote wawili. Nilivaa kitenge kipya na nilicheza kuliko watu wa upande wa bibi harusi.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo mume wangu alikuwa kimya. Alikwenda sokoni, akarudi, akala, akaoga. Nilimwacha na kimya chake, ingawa kila nilipopita karibu naye nilitaka kumwuliza ni cha nani. Halafu Jumamosi moja nilifunga kanga, nikapanda naye gari la ndizi, nikakaa mbele kati yake na dereva.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza.

"Sokoni. Nikusaidie kuuza."

Hakubisha. Alisogea nipate nafasi. Tulipofika, akina mama wa Kiboriloni walimsalimia kwa shangwe, wakimwita shemeji, kila mmoja na utani wake. Mimi nilipanga mikungu chini kwa ukubwa, nikawaangalia akina mama wale mmoja mmoja, nione ni yupi atakayemchekesha.