Maji Yaliyokuja kwa Reli

Reli haikupita kwetu Msambweni. Ilipita ule upande mkavu wa wilaya, Samburu na Taru, kwa watu tuliozoea kuwahurumia. Sisi tulikuwa na minazi na visima. Wao walikuwa na mbuzi na vumbi. Lakini nilipokuwa mwari, miaka ya hamsini, mambo yalikuwa yamekwisha geuka. Maduka yalikuwa stesheni, mnada wa mbuzi ulikuwa stesheni, na hata maji waliletewa na gari la moshi, ndani ya matangi. Wazazi wa kwetu wenye mabinti wakaanza kuulizia vijana wa reli.

Mdogo wangu akampata mmoja. Mimi nilikwisha olewa Mkongani, na mkulima wa mihogo.

Nilimwonea wivu. Kila alipokuja kututembelea alisema "stesheni yetu", ungedhani aliijenga yeye, na mama alimsikiliza mpaka chai ikapoa.

Mwaka mmoja tukashika mimba pamoja, zote za kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama, na mama ndiye humkanda mzazi kwa maji ya moto mpaka arubaini. Nikarudi nyumbani. Mdogo wangu hakuja. Mumewe alisema safari ingemuumiza, akamletea mama pasi ya kupanda gari la moshi bure. Zamani mama asingethubutu kwenda huko. Sasa ilikuwa ni kuvuka feri Likoni, kupanda, na kushuka mlangoni kwa mkwewe.

Alifunga leso zake mbele yangu, na tumbo langu limekwisha shuka.

"Wewe uko nyumbani, mwanangu, na shangazi yako yupo," akaniambia. "Mwenzio yuko nyika, peke yake."

"Nyumbani ni wewe, mama."

Akaenda.

Nikajifungua mtoto wa kike. Shangazi alinikanda vizuri, siwezi kumsema, lakini kila alipokamua kitambaa niliiona mikono ya mama juu ya tumbo la mdogo wangu, na nikailaani reli nzima, tangu Mombasa mpaka inakoishia.

Mama alirudi arubaini ikiwa imepita. Akampokea mwanangu, akasema atamwogesha yeye. Shangazi alikwisha jaza karai kwa maji ya kisimani. Mama akachota kikombe kimoja tu, akamwosha mtoto taratibu, kiungo kwa kiungo, akiyakinga yale maji machafu kwenye bakuli, kisha akaliweka kando ya mlango.

"Mama, hapa kisima kimejaa," nikamwambia.

Akalitazama lile bakuli, akacheka kidogo. "Ni mazoea. Kule gari likichelewa, hayo ndiyo ya kufulia."

Mikono yake ilikwisha zoea nyumba nyingine. Miaka yote nilikuwa nikiwahurumia watu wale kwa kiu yao. Siku ile nilimwonea mdogo wangu wivu hata wa kiu.