Hodi ya Tatu

Harufu ya mafuta ya karafuu bado hunisimamisha njiani. Kwa watu wengine ni dawa ya jino; kwangu mimi ni magoti ya Bi Mwanahawa, aliyekuwa akiyakanda kila alasiri kabla ya kuketi chini kusuka ukili wa mikeka, na miyaa ya mkindu iliyolowekwa ikinukia ubichi ndani ya karai pembeni yake. Alikaa peke yake katika nyumba ya udongo nyuma ya soko, hapa kwetu Bagamoyo, mtaa mmoja na sisi. Mumewe alikwisha kufa. Mwanawe wa pekee alikuwa Chalinze akiwauzia matunda madereva wa malori, na kila mwisho wa mwezi alimtumia mama yake kifurushi kwa basi: sukari, sabuni, majani ya chai. Kifurushi kilikuwa kinafika. Mwenyewe tulimwona Idi hadi Idi.

Masika ile nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu mmoja, kijana mwenye huruma nyingi na suruali mbili tu, alianzisha kitu alichokiita Jumamosi ya Wajukuu. Wanafunzi wawili wawili walipelekwa kwa mzee anayeishi peke yake, wamchotee maji na kumfagilia uwanja, naye awafundishe chochote anachokijua. Wazee walikicheka kwanza. "Wajukuu wa kuazima!" alisema Bi Mwanahawa tulipofikishwa kwake, mimi na Neema. "Haya, njooni. Mkinichosha nitawarudisha kwa mwenyewe." Lakini Jumamosi ya pili tulimkuta amevaa kanga mpya na amekwishapika mihogo ya nazi, sufuria nzima, ya kulisha watu sita. Ndipo nilipojua, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba alikuwa ametusubiri tangu asubuhi.

Neema alikuwa mtoto wa bara. Baba yake alikuwa seremala, alikuja na familia yake kutoka Singida kufanya kazi za kanisa, na kwao mlango ulikuwa wazi mchana kutwa, anayetaka anaingia, anayetaka anatoka. Basi mara ya kwanza alipitiliza moja kwa moja mpaka chumbani, akamkuta bibi kichwa wazi, mvi zimesimama. Bi Mwanahawa alipiga ukelele uliowatoa majirani nje. "Wewe mtoto! Umezaliwa pangoni?" Akamtoa mpaka barazani, akamsimamisha mbele ya mlango, akamfunza. "Hodi ya kwanza ni ya kuniamsha. Ya pili ni ya kunipa nafasi nijisitiri. Ya tatu ni ya kukupa jibu: ukiona kimya, basi mwenye nyumba hataki mtu, geuza miguu yako uende kwenu. Usichungulie, usisukume." Wote tulilelewa hivyo mtaani kwetu. Mimi sikukumbuka hata nani aliyenifunza, ilikuwa ndani ya maziwa niliyonyonya.

Neema alisahau, akakosea, akatolewa nje tena na tena. Mara nyingine mvua ilimnyeshea pale barazani huku bibi ndani akicheka na kusema samaki mkunje angali mbichi. Neema naye alinuna, kisha akaanza kucheka, kisha ikawa mchezo wao wawili. "Hodi!" "Nani?" "Mkwe wako!" "Sina mkwe mwenye miguu myembamba hivyo. Karibu!" Niliona wivu, maana mimi mwenye adabu zangu sikuchezewa mchezo wowote. Ilipofika katikati ya masika, Neema alikuwa anajua kusuka ukili wa njia nne, na hodi yake ilikuwa nzuri, ya polepole, yenye kituo baina ya moja na nyingine. Bi Mwanahawa alimtangaza kisimani na msibani. "Mtoto wa bara yule, lakini adabu ya pwani. Nimemlea mimi." Sijapata kumwona mtu mzima akijivunia kitu kwa furaha namna ile.

Kisha mwalimu akahamishiwa Fukayosi. Hakuna aliyeufunga mpango, ulikauka tu wenyewe. Wenzetu wakarudi kwenye kamba na mpira, na wazee wakarudi kukaa. Mimi na Neema tuliendelea, mpaka Jumamosi moja homa ilinilaza, naye akaenda peke yake katika mvua. Alirudi kupitia kwetu, kanga yake ya kujifunika inachuruzika. "Nimepiga hodi zote tatu, bibi hajaitika," alisema. "Leo hataki mtu." Mama akamsifu kwa kutosukuma mlango, akampa chai. Jumapili Mama alimpelekea Bi Mwanahawa bakuli la kunde. Akapiga hodi, akasubiri, akarudi na bakuli lake. Jirani wa upande wa pili naye alikuwa amefanya vivyo hivyo, na muuza samaki pia. Mtaa mzima ulipita pale mlangoni, kila mtu na adabu zake.

Jumatatu kilikuja kifurushi cha Chalinze. Aliyekileta alikosa wa kumkabidhi, akamwachia Mama, na ndipo wanawake walipoanza kuulizana nani amemwona. Walipousukuma mlango, ulifunguka. Haukuwa na komeo, ulikuwa umeegeshwa tu kwa ajili ya mvua. Bi Mwanahawa alikuwa sakafuni, amekwisha kufariki, mdomo umekwenda upande. Wanawake waliomwosha walisema ni kiharusi, na kwamba hakufa papo hapo aliposhikwa. Alikuwa ametoka kitandani akijiburura, mkeka aliokuwa akiushona umekunjamana nyuma yake, na mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka kuelekea mlangoni, umebakiza kama hatua moja. Sauti hakuwa nayo. Masikio alikuwa nayo. Alizisikia hodi zetu zote.

Neema hakulia mazikoni. Siku chache baadaye Mama alimkalisha jikoni akamwambia, "Hukukosea, mwanangu. Umefanya ulivyofunzwa." Neema akamtazama. "Bora ningekosea," alisema. Tangu hapo hakupiga hodi tena kwa mtu yeyote. Akija kwetu alisimama uani, kimya, hata juani, mpaka mtu atokee amwone. Mwaka uliofuata kazi ya baba yake ilikwisha, wakahama, na sijui yuko wapi. Watu husema majuto ni mjukuu. Mjukuu yule hakuwa na la kujutia, na majuto akabebeshwa yeye.

Sasa naishi Dar es Salaam, na Mama amebaki peke yake katika nyumba ileile. Ninamtumia vifurushi. Nilipokwenda mara ya mwisho nilikuta wageni wamekuja na mpango mpya wa kuunganisha wazee na vijana, wenye fulana za rangi moja na biskuti. Waliwapanga watoto kando ya wazee, wakapiga picha, na kabla ya adhuhuri walikuwa wameondoka. Mama alipewa fulana. Anafutia meza.

Komeo la mlango amekwisha kuling'oa. Aliling'oa yeye mwenyewe, kwa kisu cha jikoni, na magoti yake sasa yananukia karafuu. "Waambie wanao," aliniambia, "kwa bibi yao hakuna hodi. Waingie tu, wanikute nilivyo." Nimewaambia. Wana shule, wana masomo ya ziada, wana simu zao. Wanasema watakwenda likizo, na likizo ikifika wanasema Idi. Napiga simu, inaita mpaka inakatika, nami najiambia amelala. Mlango wake uko wazi mchana kutwa, na yeye ameketi akiuelekea, anasubiri mtu mmoja tu asiye na adabu.