Gemu ya Mama na Kitanda cha Kuoshea

Kila jioni mdogo wangu wa kike alituma kwenye kundi la familia alama alizopata mama katika gemu ya simu. Wakati huo nilikuwa Lunga Lunga nikiuza vitenge. Kabla ya hapo nilikuwa Tanga, na kabla yake jikoni mwa hoteli moja ya Diani; sijawahi kukaa mahali nikapazoea mno. Nikifungua simu naona nyota na maua yanayolipuka, na chini yake maneno ya mdogo wangu: "Ubongo wa mama umewashinda nyote!"

Gemu yenyewe ni kadi zilizofunikwa. Unafunua mbili, zikifanana zinatoka, zisipofanana zinajifunika tena, nawe ukumbuke zilipokuwa. Iliingia kwetu kama mafua. Pale Kona ya Musa, fundi simu aliwawekea wateja huku akiapa kwamba inanoa ubongo. Mdogo wangu aliipata hotelini anakofanya kazi, kwa wageni wazee waliokuwa wakiicheza kando ya bwawa. "Wazungu hawachezi ovyo, dada," aliniambia. "Wamesoma hao."

Nilirudi Msambweni kwa sababu asubuhi moja mama alinipigia simu mara mbili kunipa habari ileile, kwa maneno yaleyale, na akacheka mahali palepale.

Nyumbani nilikuta mchuzi umetiwa chumvi ukatiwa tena. Lakini chumvi haikunitisha. Mama ni mwosha maiti. Mtaani kwetu mwanamke akifariki, wa kwanza kuitwa ni yeye, na kazi ile ina mpangilio wake: wapi pa kuanzia, maji gani yatangulie, nini kisifunuliwe. Akikosea, aibu itamwangukia yeye, na wafiwa watabaki na donge la maisha. Akinyimwa kazi hiyo, sijui ataamka asubuhi kwa ajili gani.

Tulimpeleka kwa daktari. Akasema mtu akiicheza sana gemu ile atakuwa hodari wa gemu ile. Kama uhodari huo unafika hadi jikoni, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Acheze tu, haimdhuru, ila tusimpimie kwayo. Tulipotoka mlangoni mdogo wangu alisema, "Umesikia? Haimdhuru." Mimi nilikuwa nimesikia yale mengine.

Kisha akafariki jirani yetu, yule ambaye mama alikuwa akiosha naye maiti tangu sisi tukiwa wadogo. Binti yake alikuja asubuhi, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama ametutoka."

Mama alitamka Inna lillahi, akambana kifuani, akamwacha alie. Kisha akaingia chumbani kuchukua kikapu chake. Nikamvuta mdogo wangu ukumbini.

"Hawezi," nikanong'ona.

"Hawezi nini? Jana amemaliza daraja la gemu lililonishinda mimi."

"Maiti si kadi."

"Na wewe ulikuwa wapi? Mtu anarudi na mkoba mmoja begani, anatuambia nani anaweza!"

Mama akatokea na kikapu. "Mnanong'ona kama mimi ndiye niliyekufa," alisema. "Twendeni."

Mdogo wangu alibaki uani na wanawake waliokuwa wakikata sanda. Ndani tuliingia watatu: mama, binti wa marehemu na mimi. Kitanda kilikuwa kimewekwa juu ya ufuo, lile shimo linalochimbwa ili lipokee maji. Mama alijifunga kitambaa mkononi, akapitisha mkono chini ya leso iliyomfunika marehemu, akaanza. Alikwenda polepole bila kusita, kulia kisha kushoto, na kila nilipotaka kuuliza mkono wake ulikuwa umeshafika. Nikaanza kupumua. Nikajiambia labda mdogo wangu amesema kweli, labda kadi zile zimefanya kazi.

Tukafika kwenye maji ya majani ya mkunazi. Mama akasimama. Akamtazama binti wa marehemu, uso umekunjuka kwa furaha ya kumwona.

"Mama yako yuko wapi?" akauliza. "Mwite aje anishikie hapa. Siku zote tunaosha naye."

Nilisikia maji yakidondoka ndani ya ufuo, na nje mtu akiuliza mkasi uko wapi. Nilimwangalia yule binti nikingoja apige ukelele, watu waingie, yaishe.

"Mama amepumzika, mama," akasema. "Nitashika mimi."

"Haya. Shika vizuri, usimwachie shingo."

Akaendelea. Baadaye aliuliza tumemimina maji gani, nikamwambia, akafuata. Karafuu maiti ilitiwa kwenye maji ya mwisho, pale ilipotakiwa. Marehemu alitoka safi.

Mlangoni binti yule alinishika mkono. "Dada, yanayoonekana humu hayatoki humu. Ya mama yangu na ya mama yako." Ndiyo desturi: mwosha hasimulii alichokiona juu ya maiti. Yeye aliipanua ikamfunika na mwosha. Nayaandika haya kwa sababu yeye na mama wameniruhusu, na sitaji jina la mtu.

Uani mdogo wangu alinisubiri. "Enhe! Si nilikwambia?"

Wanawake walikuwa wakitusikiliza, na ulimi wangu ulikuwa umefungwa. Alichukulia kunyamaza kwangu kuwa kushindwa, na kabla ya jeneza kutoka, kundi la familia lilikuwa limeshaarifiwa kwamba mama ameosha salama, gemu oyee.

Baada ya mazishi mama alikaa kibarazani, simu mapajani, hachezi.

"Nilisema nini kule ndani?"

"Hayasemwi, mama."

"Hata kwangu mwenyewe?"

Nikamwambia. Akaiwasha simu. Kisha akafunua kadi mbili, zikafanana. Akafunua nyingine, zikafanana. Alikuwa mwepesi kweli. "Hizi naziona," alisema. "Mwenzangu sikumwona. Nilikuwa nimemshika."

Jioni ile mama mwenyewe alimwambia mdogo wangu, sikuwa na haja ya kusema neno. Mdogo wangu alilia, kisha akasema bila ile gemu ingekuwa vibaya zaidi, na mpaka leo anaamini hivyo. Mimi siamini, wala sina cha kumthibitishia. Mama anaendelea kucheza.

Haukupita muda mrefu tukaitwa tena, nyumba ya upande wa barabarani. Tulitazamana sote. Mama alikuwa ameshavaa buibui.

"Mtaosha nyinyi wawili," akasema. "Mimi nitakaa kitini. Nikikosea, nyamazeni. Mkikosea, nitasema."

"Tutajuaje nani amekosea?" mdogo wangu akauliza.

"Ndiyo maana mko wawili. Mkikubaliana, nimekosea mimi."

Lunga Lunga vitenge vyangu vilikuwa bado vimefungwa kwa mwenye nyumba, nami nilikuwa nimeshamwambia narudi wiki ile. Hata hivyo niliingia nao chumba cha kuoshea kwa wafiwa. Nikajifunga kitambaa mkononi kama nilivyomwona akijifunga. Mdogo wangu akanyanyua kopo la maji. Tukageuka kumtazama mama. Alikuwa akitazama dirisha, midomo wazi kidogo, na sikujua yuko wapi.

Tulingoja.

"Kulia kwanza," akasema. "Mnangoja nini?"

Ilikuwa sahihi. Nikaanza.