Ratiba Isiyo na Nyumba

Kaka yangu mkubwa alinitumia ratiba ya Hamburg, mji anakoishi Ujerumani, siku ya Jumanne mchana, nikiwa kazini Westerville, nje kidogo ya Columbus, namsubiri bibi ninayemtunza amalize supu yake. Ilikuwa na vituo tisa, kila kimoja na saa yake. Kutupokea mimi na Mama uwanja wa ndege. Kupanda boti ya abiria na kuzunguka bandarini, kuziona meli za makontena. Kushuka kwa lifti hadi kwenye njia ya zamani inayopita chini ya mto, na kutembea kwa miguu mpaka ng'ambo. Maghala ya matofali mekundu yaliyojengwa kando ya mifereji. Kanisa lenye mnara. Jumba la muziki ambalo mtu hupandishwa kwa ngazi za umeme mpaka juu, akauona mji wote. Mkate wa samaki pale pale bandarini, kahawa, hoteli.

Niliisoma mara tatu. Ya kwanza nilifurahi kama mtoto aliyeahidiwa soda. Ya pili nilianza kuhesabu ngazi, maana magoti ya Mama hayataki mchezo. Ya tatu nikaona kisichokuwepo. Siku nzima, asubuhi mpaka jioni, hakuna mahali palipoandikwa "nyumbani kwangu".

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Ni mtoto wa Warundi niliyekulia kambi ya wakimbizi, Kigoma, na aliyekulia kambini haamini kwamba mlango unafunguka kwa karatasi moja. Lazima kuna ya pili, na hiyo ya pili ndiyo umeisahau. Mama na mimi tuna pasi za Marekani sasa, na kila mtu ananiambia Ujerumani mtaingia tu, hakuna viza. Hata hivyo nilikuwa nimechapisha kila kitu nakala nne, pamoja na kadi yangu ya chanjo ya utotoni ambayo hakuna aliyeiomba. Katika pasi zetu, mama na mwana, wote tumezaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu karani wa kambi aliona hivyo ni rahisi. Nilishaandaa jibu, iwapo askari wa Hamburg angecheka.

Safari yenyewe ilikuwa ya Bujumbura. Mama, anayeishi North Buffalo, alikuwa anakwenda kumwona mdogo wake wa kike, na mimi ndiye msindikizaji. Ndege ilikuwa ipitie Ujerumani. Mdogo wangu wa kiume, anayepanga vifurushi katika ghala moja kule Louisville, ndiye aliyegundua kwamba tukibadilisha tiketi kidogo tungefika Hamburg asubuhi na kuondoka kesho yake. Siku moja. Kaka hatukuwa tumemwona kwa miaka kumi na tisa.

Aliondoka kambini akiwa na miaka ishirini, akasema anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Baadaye zikaja salamu kutoka Sudan, kisha kimya, kisha Libya, kisha kimya kirefu, kisha Ujerumani. Katika kile kimya kirefu ndipo tulipoitwa kwenye mahojiano ya kuja Marekani. Afisa akamwuliza Mama ana watoto wangapi. Kambi nzima ilikuwa imetuonya: ukitaja mtoto asiyekuwepo, faili inasimama, nanyi mnakaa miaka mingine mingi mkila mahindi ya msaada. Mama akasema, "Wawili." Nilikuwa nimekaa kando yake, na sikumtazama usoni.

Ndiyo maana ratiba ile ilinikaa kooni. Nilijiambia, tulimtoa kwenye faili, naye sasa anatutoa kwenye nyumba yake. Na nyumba anayo. Miaka saba iliyopita alimtumia Mama picha amesimama mbele ya nyumba nyeupe yenye maua dirishani, na tangu hapo hakuna muumini wa kanisa la Mama pale Buffalo ambaye hajaonyeshwa hiyo picha. Kila akipewa nafasi ya kutoa ushuhuda, Mama humshukuru Mungu kwa nyumba ya kifungua mimba wake.

Nilimsomea Mama ratiba kwa simu, haraka haraka, nikitumaini vituo tisa vitamziba macho. Alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Na kikapu nitakifungulia wapi?"

Kwetu mama hafiki kwa mwanawe mikono mitupu. Alikuwa na kile kikapu cha kusuka chenye mfuniko wa ncha ambacho Warundi hupelekea zawadi, na ndani yake unga wa muhogo, na ndagala wakavu, dagaa wa kwetu, ambao mdogo wangu aliwatuma kutoka duka la Waafrika la Louisville. Kikapu cha namna hiyo hakifunguliwi njiani. Hufunguliwa ndani ya nyumba ya unayemtembelea, mkishakaa. Mimi nilikuwa nimeshinda siku mbili nikichunguza kama ndagala wanaruhusiwa kuingia Ulaya, kwa hiyo akili yangu ilikuwa kwenye forodha, nikajibu kijinga: "Mpe pale pale uwanja wa ndege, Mama, usije ukakibeba kwenye boti kutwa."



"Uwanja wa ndege watu hupeana mizigo," akasema. "Mimi nakwenda kumtembelea mwanangu."

Jumapili tukafanya kikao cha familia kwa simu, mimi na mdogo wangu, Mama hayupo. Yeye hana subira. "Dada, tufute hiyo Hamburg. Mtu hakutaki kwake, unamlazimisha? Piteni moja kwa moja, yaishe." Nilimkaripia kama vile ana miaka sita. Nikasema namtetea Mama. Ukweli ni kwamba nilikuwa najitetea mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda ile ratiba. Maisha yangu yote nimehamishwa. Nimepakiwa lori, nimepakiwa basi, nimepakiwa ndege na mfuko wa plastiki wa karatasi ukining'inia shingoni, mtu mwingine ndiye anayejua ninakokwenda. Siku moja tu nilitaka kutembea mahali kwa kuwa ni pazuri, nipige picha, nile mkate wa samaki, niondoke. Nilitaka kuwa mtalii. Niliona aibu kulisema hilo, hata kwa mdogo wangu.

Alhamisi nikampigia kaka, nikiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, kabla ya shifti.

"Kaka, kwako ni mbali na bandari?"

"Si mbali sana."

"Basi tutapita."

"Dada, siku moja ni fupi. Acha Mama auone mji. Hamburg ni nzuri, utaona mwenyewe."

"Mama hajaomba kuona mji."

Akacheka, kile kicheko cha kubadilisha mazungumzo, na hapo hasira ikanipanda. Nikamwambia, "Kama ni kwa sababu ya faili, sema. Kama hujatusamehe, sema, tusije tukazungushwa kwenye boti kama wageni wa serikali."

"Faili ipi?" Alikuwa haelewi kweli. Nikamweleza. Akasema, "Yaani umekaa na hilo miaka yote? Hata mimi ningesema wawili. Dada, sikiliza. Sina nyumba."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Anasafisha ofisi za bandarini. Analala kwenye bweni la wafanyakazi, chumba kimoja, wanaume wanne, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Nyumba nyeupe ni ya mzee mmoja ambaye kaka aliwahi kumfagilia ngazi. Alipiga picha siku moja Mama alipokuwa mgonjwa, ili apate nguvu, kisha akashindwa kurudi nyuma.

"Mji ndio nilio nao wa kumwonyesha," akasema. "Ukimwambia Mama, sitakuja uwanja wa ndege. Nakuapia."

Niliogopa, tena sana. Watu wengine wakisema watapotea ni maneno. Huyu anajua kupotea, alishatufanyia hivyo. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikimwambia Mama, tutashuka Hamburg na hakuna mtu. Nisipomwambia, atazungushwa mji mzima na kikapu mapajani akisubiri kualikwa, na atarudi Buffalo akijua kwamba mwanawe wa kwanza hamtaki.

Nilichofanya ni kuirefusha ratiba. Nilikaa mezani kwangu na simu, nikaongeza bustani, nikaongeza soko, nikaongeza jumba la treni ndogo za kuchezea ambalo watu wanalisifu, ili Mama achoke kiasi cha kutouliza. Nilipofika kituo cha kumi na mbili nikajiona ninachokifanya. Nilikuwa nampangia mama yangu, mwenye magoti yale, siku ya kumchosha mpaka anyamaze. Nikafunga simu. Jumamosi asubuhi nikawasha gari, nikatoka Columbus kwenda Buffalo, maana habari ya namna hii haisemwi kwa simu. Ni mwendo wa saa tano na zaidi barabarani. Nilipolipita ziwa Erie nilikuwa bado sijapata sentensi ya kuanzia.

Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwambia yote, hata picha. Mikono yake ikasimama.

"Anaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Kazi anayo?"

"Anayo."

"Kitanda?"

"Kitanda anacho."

Akachukua simu yake, akaitafuta ile nyumba nyeupe, akaitazama. "Nimemshukuru Mungu kwa nyumba hii miaka saba, mbele ya kanisa zima," akasema. "Mwenye nayo lazima mambo yake yamenyooka sana."

Nikaangua kicheko, sikuweza kujizuia. Nilipomtazama, yeye alikuwa analia. Alilia kidogo tu, akajifuta kwa kanga, akaniuliza kana kwamba ananitahini:

"Wewe ulizaliwa wapi?"

"Kambini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya turubai la plastiki, Mama."

"Wageni hawakuja kukuona?"

"Nimeambiwa walikuja."

"Walikaa wapi?"

"Kitandani."

"Basi. Mpigie."

Nikamsihi. Nikamwambia ameapa, atapotea, twende taratibu. Mama akasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba kama nimekuja mpaka Buffalo kumfundisha kuzaa, nirudi Columbus. Nikapiga simu ya video. Kaka akapokea akitabasamu, amevaa koti la kazi, na Mama hakumsalimu hata.

"Nimesikia mko wanne chumbani. Hao watatu ni watoto wa nani?"

Tabasamu likamtoka. "Mweritrea, Mama. Mghana. Na Mromania."

"Waambie mama yao anakuja."

 Kaka akanitazama mimi, niliyeonekana pembeni ya kioo cha simu. "Dada, nilikuambia," akasema, akakata.

Tukapiga tena, simu imezimwa. Jumapili imezimwa. Nilirudi Columbus kwa ajili ya shifti ya Jumatatu, na ujumbe wangu ukabaki na alama moja tu, ile inayoonyesha kwamba haujafika. Sikula. Nilimpa yule bibi wa Westerville dawa za asubuhi huku nikisoma jina la kila kidonge mara mbili, sijiamini. Mdogo wangu akapiga kutoka Louisville kuniambia kwamba yeye alishasema. Nikamwambia akisema tena sitampokelea simu mpaka Krismasi. Nilijilaumu kwa kuongea, kisha nikajilaumu kwa kuchelewa kuongea, na kila niliposikia mlio wa simu niliikimbilia, kumbe ni tangazo.

Mama ndiye aliyenitisha zaidi. Jumanne alinipigia kuuliza sanduku linaruhusiwa kilo ngapi, sauti yake ya kawaida kabisa. Tulipokuwa tunaagana akasema, "Nilisema wawili. Labda Mungu alisikia."

 Nilikaa sakafuni jikoni na simu mkononi hata baada ya yeye kuondoka hewani, na nilimchukia kila mtu: karani, afisa, kaka, ile nyumba nyeupe, na mimi niliyekuwa nimekaa kando yake siku ile nikitazama ukuta.

Kaka alipiga Jumatano, saa kumi jioni, zimebaki siku tatu. Hakuomba radhi, wala mimi sikuuliza alikuwa wapi. Aliongea haraka, kama mtu anayeogopa kwamba akisimama hataweza kuendelea. Hoteli nifute. Boti tutapanda kama Mama atataka, saa moja tu, ili na mimi nipate picha zangu. Alijua, nami sikuwahi kumwambia. Ngazi ni nyingi, ameweka kiti kwenye kila ghorofa ili Mama apumzike. Mghana na Mromania watakula nasi, kisha watakwenda kulala kwa rafiki. Mweritrea atakuwa zamu ya usiku.

"Vitanda vya chini viko viwili," akasema. "Kimoja ukutani, kimoja karibu na mlango. Wewe utapanda juu." Kisha akauliza, "Mama bado analala mlangoni?"

Miaka yote ya kambi Mama alilala mlangoni, sisi watatu nyuma yake, ili atakayeingia ampate yeye kwanza. Pale Buffalo ana chumba cha kulala kizuri na kitanda cha msaada wa kanisa. Chumbani ameweka masanduku. Analala sebuleni, kwenye kochi linalotazama mlango, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikimgombeza kwamba ataumia mgongo.

"Bado," nikamwambia.

"Basi mwambie atalala ukutani," akasema kaka. "Mlangoni nitalala mimi."