Gunia Moja, Ushuru Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoza gunia moja mara mbili. Naungama mwenyewe, kabla hamjaambiwa na wengine.

Nilikuwa karani mpya wa kizuizi cha ushuru wa mazao, barabara ya Mpitimbi. Kamba imekatiza njia, mwenye mzigo anasimama, unamwandikia stakabadhi, unalegeza kamba. Asubuhi akapita Ngonyani, mkulima wa rika langu, na gunia la mahindi kwenye baiskeli, anapeleka kusaga mjini. Nikamtoza. Jioni akarudi na unga wake. Nikavuta kamba.

"Ndugu karani, gunia ni lile lile la asubuhi."

"Asubuhi yalikuwa mahindi. Huu ni unga."

Akalipa. Msimamizi wa Ushuru alipoziona stakabadhi mbili akasema, "Kijana ana macho huyu," na tangu hapo kizuizi kizima kikatoza hivyo. Nikajiona mchumi, mimi wa kidato cha nne.

Afisa Mapato alitaka kunihamishia Tunduru. Mgongo ukaniuma ghafla. Nikapelekwa Matogoro, hapa jirani, na hata huko niliikumbuka chai ya mke wangu. Kila nilikokaa, baiskeli za magunia zilipungua.

"Watu wameacha kula?" Afisa akauliza.

Walikuwa wanakula. Ngonyani aliuza ng'ombe, akasimika mashine ya kusaga kijijini kwake, asipite tena kambani kwetu. Na asiyekuja mjini kusaga haji kununua chumvi wala sabuni. Mashine za Msamala, mtaa wetu wa mjini, zikaanza kufungwa. Sisi, ili kuziba pengo, tukawapandishia ada wenye mashine waliobaki. Nao wakafunga.

Nilipostaafu, kiinua mgongo chote nikakitia kwenye mashine ya kusaga, hapa hapa Msamala, hatua chache kutoka kitandani. Leseni, ada ya taka, zimamoto, ukaguzi wa mizani, umeme. Vijana wa ofisi yangu ya zamani hunipa shikamoo ya heshima kabla ya kuniandikia. Nimepandisha bei ya kusaga debe, wateja wananipita. Leseni ikiisha mwezi huu, sina cha kulipia nyingine.

Na Ngonyani? Analeta mjini sembe ya mifuko, yenye picha ya baiskeli. Honi ya lori lake naijua kuliko adhana na kengele. Mimi nisiyependa safari nilikwenda kwake Mpitimbi kuangalia kama bati la mashine yake limeshika kutu. Halijashika.

Juzi jirani yangu, Mama Tumaini, alipita mbele ya mashine yangu na mfuko wa baiskeli kichwani. Nikamwambia yule mtu ana bahati tu, labda na dawa.

Akautua mfuko. "Bahati gani, Baba Asha? Kamba uliishika wewe, mwenzio akatafuta pa kupita. Kamuuzie hiyo mashine, na akikulipa, usimdai mara mbili."