Fimbo ya Mama Popo na Magodoro Yanayomeza Sauti

Saa moja asubuhi, mlango wa karakana ya magodoro unafunguliwa na Mama Popo, mshonaji wa vitambaa vya magodoro, anaingia, kichwa juu, fimbo mbele. Haoni tangu utotoni. Surua ilimchukua macho. Kwenye fimbo kimefungwa kisanduku chenye matundu mawili kama pua. Kinatetemeka kiganjani mwake, taratibu, kisha upesi. Anasimama. Mbele yake kuna mkokoteni.

"Nani kauacha huu hapa? Mnanijaribu? Mmechelewa kuamka!"

Wenzake wanaangua kicheko. Jina la Popo walimpa wao, kwa kejeli. Yeye akalivaa. "Popo hagongi ukuta," anasema. "Nyie wenye macho ndio wenye makovu ya ugoko."

Fimbo kaitengeneza shemeji yake, mume wa dada yake, fundi redio. Tundu moja hutoa sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la mtu. Ikigonga kitu hurudi kwenye tundu la pili, na kisanduku hupima ilivyokawia. Kitu kikiwa karibu, mtetemo huenda mbio.

Alijisifu nayo mno. Mwezi uliopita, rundo la sponji tupu, lisilovikwa kitambaa, liliachwa njiani. Fimbo ikanyamaza. Mama Popo akaingia mzimamzima, na sponji zikamfunika yeye pamoja na mteja aliyekuja kuchagua godoro.

"Mama, nakuheshimu," bosi alimwambia, "lakini kazi hii haikufai tena. Nenda kapumzike."

"Nani kakwambia nimechoka? Nimeanguka, sijafa."

Jioni ile walikaa na shemeji wakiijaribu fimbo: kwenye mlango, kwenye bati, kisha kwenye kipande cha sponji.

"Shemeji, fimbo yako ina usingizi."

"Si fimbo, dada. Sauti ikigonga ubao inarudi. Ikiingia kwenye sponji inazama humohumo."

"Kumbe hata sauti ikiona godoro inalala!"

Kesho yake, bila kuitwa, alirudi kazini na mabaki ya mbao za seremala kwapani. Akataka kila rundo lisimamishiwe ubao mbele yake.

"Karakana nzima ibadilike kwa ajili yako?" bosi akafoka.

"Na hizo taa juu, mmeziwasha kwa ajili yangu? Umewahi kunisikia nikilalamika?"

Bosi akatoa sharti: mbao ziwekwe, naye apite katikati ya marundo mpaka kwenye cherehani yake. Akigusa hata moja, ndiyo kwaheri.

Mama Popo alimtaja Mungu kimoyomoyo, akaanza kutembea. Rundo la kwanza, akalikwepa. La pili, akalikwepa. Katikati ya njia, pasipotakiwa kuwa na kitu, fimbo ikatetemeka.

"Kama ni bosi, sogea," alisema. "Umebana pumzi, lakini bado umenizibia njia. Kazi inaningoja."

Bosi akasogea. Mbao zimesimama mpaka leo.

Sasa shemeji anaunda fimbo ya pili, ya binti wa jirani asiyeona, ambaye siku zake huishia barazani. Mama Popo anataka kumfundisha kushona hapahapa. Je, bosi amekubali?

"Hajakubali," anajibu, akipitisha uzi kwenye sindano kwa ncha ya ulimi. "Hata mimi hakunikubali. Ile cherehani ya kona ilikuwa imejaa vumbi. Nimeshaifuta."