Kokwa ya Nyuso Nne Shavuni

Aibu yangu mie watu wa Temeke wanaijua kuliko ninavyoijua mwenyewe, kwa hiyo sioni faida ya kuificha, na tena nimechoka kuisikia ikisimuliwa ovyo barazani na watu ambao siku ile hata hawakuwepo (yuko mmoja anaapa kwamba nilitema chura, jamani, sikutema chura). Nilichotema ni kokwa, kokwa kavu ya mti kama punje ya dengu, na nilimtemea bwana harusi, mbele ya shehe na mkeka mzima wa wazee, siku ninamuozesha dada yangu.

Mie nina kigugumizi tangu utotoni, na si kile cha kujikwaa mara moja ukaendelea, hapana, changu neno likifika mlangoni linagoma kama punda, ukilivuta halitoki, ukiliacha halirudi. Shule niliiacha darasa la tatu baba alipofariki, mama akamfuata kabla sijaota ndevu, mdogo wetu wa mwisho akachukuliwa na surua, tukabaki wawili, mie na Zuhura. Nikawa nasukuma mkokoteni, nachukua mizigo bandarini naipeleka kwenye maduka ya Uhindini, kazi ambayo niliipenda kwa sababu mkokoteni hauulizi swali.

Mama, siku zake za mwisho, alinishika mkono akasema, "Shomari mwanangu, huyu Zuhura usimwachie mtu mwingine amuozeshe. Baba yake hayupo. Mdomo wako ndio mdomo wa baba yake." Nikaapa. (Hata kule kuapa kulinichukua muda, na mama, pamoja na maumivu yake, alisubiri mpaka nikamaliza.)

Basi miaka ikapita, Zuhura akaposwa na Ramadhani, fundi cherehani wa Kinondoni, kijana mpole mwenye adabu zake. Mambo yote yakapangwa vizuri, likabaki moja. Ami yake Ramadhani, Mzee Mfaume, aliyemlea, akaniambia kwa upole, "Baba, mpe shehe uwakala, akuozeshee yeye. Si aibu, wengi wanafanya." Nikatikisa kichwa kukataa. Baba yangu mdogo, Kondo, naye akajitokeza, mtu wa maneno matamu, ambaye siku ya arobaini ya mama aliichukua baiskeli ya baba akasema anakwenda kuitunza, hatukumtia machoni tena mpaka aliposikia kuna pilau. "Niachie mie, Shomari," akasema, "mie maneno hayanishindi." Huyo nilimkatalia kabla hajafunga mdomo. Nilisema nitasema mwenyewe, na nikawa kila siku njiani naliambia lile tamko gurudumu la mkokoteni, "Nimekuoza dada yangu Zuhura," linatoka laini kabisa, lakini akitokea hata mpita njia mmoja tu, punda kasimama.

Hapo ndipo ulipoanza mkosi. Nilikuwa nimepeleka marobota ya ubani kwenye duka la Bwana Jivan, Banyani mzee aliyeuza vitu vya ibada zao, sinia za shaba, taa ndogo, unga mwekundu, na juu ya meza nikaona sahani zimejaa kokwa za rangi ya kahawia, zimekunjamana kama ubongo wa mbuzi. Nikamuuliza ni za nini. Akachukua moja akanionyesha mistari inayoshuka toka juu mpaka chini.

"Hii jina yake rudraksha," akasema. "Mistari hii sisi tunaita nyuso. Kila hesabu ya nyuso ina kazi yake."

"Ya uso m-m-mmoja?"

"Hiyo hata mimi sina. Mtu akikwambia anayo, muulize mara mbili." Akasogeza sahani. "Nyuso mbili, mume na mke wapatane. Tatu, ya mtu amebeba mambo ya zamani moyoni. Nne, ulimi na akili. Mwanafunzi anavaa, wakili anavaa. Tano hii watu wote, moyo unatulia. Sita, ushujaa."

Nikasimama pale kama mtu anayechagua kanga ya sikukuu. Nikaishika ya nyuso mbili, nikamfikiria Zuhura na mumewe. Nikaiacha nikaishika ya nyuso tano, maana moyo wangu wiki ile ulikuwa unapiga kama mtwangio. Halafu mkono ukaenda wenyewe kwenye nyuso nne. (Ningechukua zile tano, leo nisingekuwa na la kusimulia, ningebaki na kigugumizi changu kimetulia.) Bwana Jivan akaniuliza kubwa au ndogo; kubwa ilitoka milima ya kwao, ndogo ilitoka Java. Nikataka ndogo, isionekane ndani ya nguo.

Akanitazama. "Rafiki, wewe Mwislamu. Hii siyo dawa ya duka la dawa. Sisi tunavaa, tunasali, tunasubiri. Wewe unatafuta nini hapa?"

"Nina ha-ha-ha-harusi ya da-dada."

Akaacha kutabasamu. Akaitumbukiza ile kokwa kwenye glasi ya maji, ikashuka mpaka chini. "Ya kweli inazama," akasema, akaipitisha uzi mwekundu, nami nikamlipa kwa kumpangia magunia yake yote stoo. Mlangoni akaniita tena. "Vaa shingoni, usikie? Shingoni."

Nilisikia.

Siku ya ndoa nikaazima kanzu kwa jirani yangu, kanzu nzuri nyeupe, ila mwenyewe ana shingo kama ya ng'ombe, na mie nilipoivaa ule uzi mwekundu ukawa unaonekana hadi kwa mbali. Nikajitazama kwenye kipande cha kioo nikaona jasho limeanza. Mtu na uzi mwekundu shingoni, mbele ya shehe, siku ya ndoa! Nikautoa. Mfuko wa kanzu ulikuwa umetoboka. Mkononi nisingeweza kuishika, na hili lazima niwaambie wasiokuwa wa kwetu: kwetu wakati ndoa inafungwa mtu hafumbati kitu, hakunji vidole, hafungi fundo la nguo, maana wako wenye husuda ambao kwa fundo moja tu humfunga bwana harusi, akaingia ndani kwa mkewe akawa si mume. Mzee Mfaume alikuwa na mpwa wake aliyepatwa na hayo, kwa hiyo alikuwa mkali kuliko wote.

Nje wananiita, "Shomari! Shehe amefika!" Nikaukata uzi kwa meno, nikaitia kokwa shavuni. Nikajiambia, kwa akili zangu zote za darasa la tatu, dawa ya ulimi si ndiyo ikae karibu na ulimi?

Tukaketi mkekani. Wanawake wako chumbani nyuma ya pazia, na Zuhura kati yao. Mzee Mfaume akasimama katikati akazungusha macho.

"Fungueni viganja! Wewe, nyoosha miguu. Huyo mwenye leso, fungua fundo. Nataka kuona mikono ya kila mtu!"

Tukaionyesha, hata shehe alionyesha ya kwake, akicheka. Hakuna aliyesema fungueni vinywa.

Shehe akasoma, akamaliza, akatuunganisha mkono mie na Ramadhani, akasema, "Haya Shomari, taratibu, hakuna anayekufukuza. Sema."

"Ni..." nikaanza. "Ni-ni-ni..." Kokwa ikateleza toka shavuni ikaja mbele. Nikairudisha kwa ulimi, na ulimi ukaenda nayo, ukaliacha neno peke yake. "Ni-ni-nime..." Macho yamenitoka, shingo imevimba, watu wanaangalia chini kwa huruma, na Ramadhani maskini ananibana mkono kunitia moyo, na mie nikakusanya pumzi yote niliyojaliwa nikasukuma.

Neno halikutoka. Ilitoka kokwa. Ikaruka kama risasi ya manati, ikadunda kwenye viganja vyetu vilivyoshikana, ikaangukia mapajani mwa Ramadhani, juu ya kanzu yake nyeupe, imelowa mate, na nyuzi nyekundu zimebaki tunduni.

"Nini hicho?"

"Ametema!"

"Kina uzi mwekundu! Oneni, kina uzi!"

Ramadhani akaruka akikung'uta kanzu. Mzee Mfaume akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mmemfunga! Mmemfunga mtoto wangu mchana kweupe, na mimi niko hapa hapa nahesabu vidole!"

Mmoja wa nyuma, dobi, akainama akaitazama. "Wallahi hii ni ya Mabanyani, wanaivaa wakisali. Nawafulia nguo, naijua." Basi yakawa mawili, mchawi na mshirikina kwa pamoja.

Shehe akaiokota kwa ncha ya leso, akanyamazisha watu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shomari, hii ni nini?"

Nilitaka kusema ni kokwa tu, ni ya ulimi, sikumkusudia mtu ubaya. "Ko-ko-ko-ko..."

"Sasa anataka kutaga!" mtu akasema, na mkeka mzima ukacheka, hata waliokuwa wamekasirika, na hiyo ndiyo iliyonivunja, maana hasira ya mtu unaweza kuistahimili.

Kicheko kilipokwisha watu wa Kinondoni wakaanza kuvaa viatu. Nyuma ya pazia kimya, si kigelegele, si kikohozi. Mie nimepiga magoti, Ramadhani ameshavaa kiatu kimoja, anaangalia pazia, na Mzee Mfaume anamvuta mkono. Nikajua kile kiatu cha pili kikiingia mguuni, dada yangu hataolewa tena Temeke wala Kinondoni, atakuwa yule ambaye kaka yake alimtemea bwana harusi uchawi.

Hapo baba mdogo Kondo akainuka, akarekebisha kofia. "Waungwana," akasema, "ndugu zangu, wazee wangu. Kijana amekosa, ujinga si uadui. Mie ni ami wa binti. Nipeni ruhusa nimalize jambo la heri."

Mzee Mfaume akasita. "Tutakaa," akasema, "lakini mdomo wa huyu usimguse tena kijana wetu."

"Taratibu," shehe akasema. "Kaka akiwapo, ami hana haki mpaka kaka ampe uwakala. Shomari, kwanza mtake Mungu msamaha, kisha useme kama unampa." Nikaomba msamaha moyoni, kisha nikatikisa kichwa kukubali. "Kutikisa kichwa hakutoshi. Useme, watu wasikie."

Nikatazama kile kiatu. Nikafungua mdomo.

"Nimempa baba mdogo Kondo uwakala amuozeshe dada yangu Zuhura."

Lilitoka hivyo hivyo, jamani, mwanzo mpaka mwisho, laini kama mafuta ya nazi, halikugota popote. Katika maneno yote niliyoyazungumza na wanadamu maishani mwangu, hayo ndiyo yaliyotoka mazima.

"Kumbe anaweza!" mtu akanong'ona.

"Si mnaona?" Mzee Mfaume akasema. "Lilikuwa likokwa hilo."

Kondo akamshika Ramadhani mkono akamuozesha, kwa sauti nzuri, akaongeza na nasaha ambazo hakuna aliyemwomba, akamtaja marehemu kaka yake kwa machozi (baiskeli hakuitaja), na vigelegele vikapasua pazia. Mie nikatoka nje nikakaa karibu na masufuria, nikaanza kuyasugua kwa mchanga.

Jua lilipoanza kuteremka wakamtoa bibi harusi. Bibi harusi hasemi, anakwenda ameinama, amezungukwa na mashangazi wa mumewe, lakini Zuhura alipofika usawa wangu akasimama, wote wakasimama naye.

"Kaka."

Nikainuka, mikono yote masizi.

"Kwa nini hukulingoja neno likatoka lenyewe?" akasema toka ndani ya buibui, taratibu, kama anauliza mbona chumvi imekwisha. "Mie ningesubiri. Hata magharibi ingenikuta nyuma ya lile pazia, ningesubiri. Mbona siku zote nakusubiri."

Nilitaka kumjibu, na jibu nilikuwa nalo. Lakini mpaka neno la kwanza linatoka, mashangazi walishamvuta, na msafara ulishakata kona.

Ile kokwa nilimrudishia Bwana Jivan. Akaniuliza kama niliivaa, nikamwambia niliitia mdomoni, akafumba macho, kisha akaiosha akaiweka peke yake, si kwenye sahani na wenzake. Simlaumu. Aliniambia shingoni. Aliniambia pia kwao wanasubiri, na hilo nililipita kama mtu anayepita kibanda cha maji akiwa hana kiu.

Zuhura anaishi vizuri na mumewe, na Mzee Mfaume siku hizi ananiitikia vizuri tukikutana, ingawa naona bado anaitazama midomo yangu. Mie nimejiapiza: neno likigoma nitasimama nalo hapo hapo mpaka lichoke lenyewe, wacheke watakaocheka, na shavuni mwangu hakiingii tena kitu ila chakula. Ndicho kiapo changu, na ninakishika. Lakini dada wa kumuozesha nilikuwa naye mmoja tu.